Mjomba, Aliyelituliza Gari Jekundu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Fundi Mkuu wetu wa injini anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana hii. Wote tunamwita Mjomba, hata mwenye karakana, ambaye kwa umri ni kama dada yake mkubwa. Nimepewa kuandika wasifu huu mimi, mtunza stoo, eti kwa sababu ndimi niliyegombana naye kuliko wote. Ni kweli, na sijutii.

Alianza kwa kuosha vipuri. Akapanda hadi breki, kisha gia, kisha injini, na huko akaweka makao. Akiwa chini ya gari huimba, tena vibaya. Kuna mteja aliwahi kuomba redio izimwe, na hatuna redio.

Lakini yote tisa, kumi ni gari jekundu. Miaka sita iliyopita Mjomba alimshawishi mwenye karakana aanzishe sehemu ya kuongeza nguvu za magari. Tukaajiriwa wanne, nami nikiwemo. Gari la kwanza, ndilo hilo jekundu, akalifunga turbo, na mbele kabisa akachomelea kipoza hewa cha hiyo turbo, alichokiunda mwenyewe, kipana kama meza ya kulia. Alikipenda mno. Kila asubuhi alikifuta vumbi huku sisi tukikonyezana. Gari likawa na mbio za kutisha, ila likifika mlimani linachemsha.

Basi akanihamia stoo. Akachukua thamostati, pampu ya maji, feni, rejeta mpya ya kupoza maji ya injini, kisha rejeta kubwa zaidi. Alitoka kwa mbwembwe, gari likarudi likivutwa kwa kamba. Mafundi wa matairi wakawa wanatuuliza kama chai iko tayari. Mwenye karakana hakucheka. Alisema likichemsha tena kwenye mlima wa tangi la maji, sehemu yetu inafungwa na sisi wanne tunarudi nyumbani. Nilikuwa na mtoto mchanga, na siku ile sikugombana na mtu.

Mara Mjomba akavua shati lake jipya, akalichana vipande vyembamba, akavifunga usoni mwa rejeta na pembeni yake. Kisha akaburuta feni kubwa ya chumba cha rangi na kuielekeza mbele ya gari. Vitambaa vya pembeni vikacheza kwa raha zao. Vya kwenye rejeta vikaning'inia tu. Upepo wote ulikuwa unapita kando, maana kile kipoza hewa kipenzi kilikuwa kimeziba njia. Kikulacho ki nguoni mwako, na Mjomba alikuwa kifua wazi.

Akachukua msumeno akakikata nusu kwa mkono wake mwenyewe, machozi yakimlengalenga, huku akiimba. Kisha akakunja bati na kuziba mianya ya pembeni, upepo usiwe na pa kupita ila kwenye rejeta. Mkewe alipouliza shati liko wapi, alijibiwa maneno ambayo tumeombwa tusiyaandike hapa.

Siku ya kulijaribu mlimani, mwenye karakana alikaa kiti cha mbele yeye mwenyewe, Mjomba akiendesha. Sisi tulibaki chini ya mlima tukitazama. Mshale wa joto, tuliambiwa baadaye, ulifika katikati ukatulia pale pale hadi kileleni. Bibie hakushuka. Aliamuru wapande tena, na mara ya tatu tulimwona yeye ndiye anayeendesha, anacheka peke yake, na Mjomba ameng'ang'ania dashibodi kwa mikono miwili. Tulirukaruka barabarani kama wehu.

Leo sehemu ile ina mafundi kumi na mmoja, na wote wamepita mikononi mwake.

Mjomba, ulikikata kitu ulichokipenda ili sisi tubaki. Hatukuwahi kukushukuru kwa maneno, tulishughulika mno kukutania. Asante sana. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku njema nyumbani pamoja na shemeji yetu. Jumatatu utakapoamka bila haraka, ujue sisi wanne tuko kazini.