Mzee Ndaki wa Maporomoko

Wachungaji, viongozi wa kijiji, ndugu, jamaa na marafiki mlioacha mashamba na ng'ombe wenu kuja kutufuta machozi, kwa niaba ya familia naomba mnisikilize nikisoma safari ya mpendwa wetu, Mzee Ndaki Ngeleja.

Mzee Ndaki alizaliwa tarehe 6 Juni 1954 huko Sapiwi, akasoma shule ya msingi hukohuko mwaka 1963 hadi 1969, na mwaka 1973 akaajiriwa na chama cha ushirika kupima pamba ya wakulima, kazi aliyoifanya kwa uaminifu, na kwa ubishi ambao wengi wenu mnaukumbuka, hadi mwaka 1995 alipohamia hapa Mkula, nyumbani kwa wakwe zake. Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa na Anyes Bujiku, wakajaliwa watoto watatu, Masele, Shida na kitinda mimba wao Kabula.

Hapa Mkula ndipo alipopata jina la Mzee wa Maporomoko, maana kila masika, maji yanapoanza kushuka mwambani na mlima kufunikwa na maua meupe, yeye ndiye aliyewapandisha walimu, wauguzi na watumishi waliotoka Bariadi kuja kutazama na kupiga picha. Tarehe 14 Machi 2009 alipanda na wageni akiwa na Kabula, mwenye umri wa miaka tisa, na aliposhuka hakuwa naye. Sungusungu wanaolinda kijiji walitafuta mlima mzima, wakaona kandambili zake tu, zimepangwa juu ya jiwe kama za mtu aliyeingia ndani kulala, nazo zilikuwa kavu ilhali mvua ilinyesha kutwa.

Mama Anyes aliomba matanga yakaliwe, apate kumlilia mwanawe na kumaliza, mzee akakataa katakata, na hadi mwaka huu hawakuelewana juu ya jambo hilo. Aliendelea kupandisha wageni, akibaki nyuma wao wakishuka, na waliowahi kurudi kumfuata walimsikia akiongea peke yake, akinyamaza kidogo, kisha akicheka.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2023. Alasiri ya tarehe 9 Agosti 2025, mwamba ukiwa umekauka tangu Mei, kitongoji kizima kilisikia maji yakishuka, mzee akachukua fimbo akapanda. Alikutwa chini ya mwamba, nguo zimelowa chapachapa, maua meupe mkononi. Hospitalini madaktari walimkuta na maji mapafuni, wakatueleza kwamba moyo uliochoka huleta maji hayo, nasi tumekubali. Asubuhi ya tarehe 11 alimshika mkewe mkono, akamwambia, "Mama Masele, Kabula amekua. Ana mtoto mgongoni." Saa nne akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani waliomshusha mlimani mabegani mwao, wenzake wa enzi za pamba, na wageni wake wote waliosafiri kuja kumzika.

Jana tuliandika kwamba marehemu ameacha watoto wawili na wajukuu watano. Asubuhi hii mama, yuleyule aliyeomba matanga miaka yote, alituita ndani, akaagiza tusome hivi: marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu sita.

Baba, nenda ukapumzike, amani ya Bwana iwe nawe.