Abdulkadiri Havuki Tena

Chama alichokipigania Abdulkadiri kwao Pemba kilipewa vyeo serikalini, kikanyamaza. Basi safari hii havuki bahari kwenda kupiga kura, na hakumficha Chiku, muuza vitenge aliyekutana naye kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi, Msimbazi.

"Si ndiyo amani hiyo, baba?" Chiku alimchokoza.

"Amani nzuri. Waliotutuma barabarani wanapanda gari moja na waliotupiga, na sisi hakuna aliyetuuliza."

"Utavuka tu! Uchaguzi ukifika, nyie Wapemba mnajaza boti."

"Kadi ya kura nimeikatakata kwa mkasi wa mke wangu, mwanangu. Nivuke nikafanye nini?"

Basi likafika, Chiku akawahi kiti. Chama kile kilimgharimu Abdulkadiri meno mawili na miezi saba gerezani, na katika miezi hiyo mama yake alizikwa bila yeye.