Ushuhuda wa Macho ya Shemasi Leander Gaines

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya Shemasi Leander Gaines, na imeniomba nisiyapake sukari, kwa kuwa mwenyewe, siku zake za mwisho, alikwisha kuchoka na sukari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1947 katika kaunti ya Leflore, Mississippi, mtoto wa nne kati ya saba wa wachuma pamba, akamaliza sekondari mwaka 1965, akafunga ndoa na Ernestine Coley tarehe 14 Juni 1970, wakajaliwa binti mmoja, Lavonda, na kuanzia Agosti 1971 hadi Mei 2009 aliendesha basi la shule, miaka thelathini na minane bila kugonga hata mbwa.

Mwaka 2014, alipokwenda kutafuta miwani mpya, aliambiwa ana glakoma, ugonjwa usiouma, presha ya jicho ikiutafuna mshipa wa kuona kama mchwa, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Tarehe 11 Machi 2015, kliniki moja ya mji wa Jackson ilimpiga miale ya leza macho yote mawili, kazi ya dakika chache, akatoka akiulizia kambare wa kukaanga, na baada ya wiki sita presha ilikuwa imeshuka kutoka thelathini na moja hadi kumi na saba. Daktari alimwambia waziwazi, "Mzee, tumeishusha tu, hatujaimaliza. Itapanda tena. Rudi kila miezi minne."

Jumapili ya tarehe 3 Mei alisimama mbele ya kanisa hili, na ile miezi minne hakuitaja. "Bwana kaniponya!" alisema, nasi tukainuka, tukapunga leso, wengine wakalia, na tangu siku ile kurudi kliniki kukawa sawa na kumwita Mungu mwongo hadharani. Lavonda alipomkumbusha miadi, alijibiwa, "Mwanangu, ushuhuda si shati, eti unaurudisha dukani kwa kuwa unabana." Mama Ernestine akacheka. Lavonda naye akacheka.

Kwa miaka minne alisoma zaburi kwa kichwa, Biblia ikiwa wazi ukurasa wowote, sisi tukisifu kumbukumbu yake, na alipojikwaa kwenye viti tukamtania, "Shemasi, viti vimekukosea nini?" naye akisema, "Vinaziba njia kama wenye dhambi." Oktoba 2019 Lavonda alimpeleka Jackson kwa nguvu, jicho la kulia limekwisha, hata vidole vya daktari halikuvihesabu, la kushoto likiona kama kupitia tundu la ufunguo, leza ikarudiwa, presha ikashuka vizuri tu, maji yamefika na nyumba imekwisha kuungua.

Jumapili, tarehe 22 Oktoba 2023, hakuiona ngazi ya mlango wa pembeni wa kanisa, akaanguka, akavunjika nyonga, nimonia ikafuata, na akafariki hospitalini Alhamisi, tarehe 2 Novemba, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla, alimshika Lavonda mkono, akamwambia, "Nilijua. Hata nikiwa nimesimama pale mbele, nilijua. Ila mlifurahi mno."

Familia inawashukuru madaktari, majirani walioleta chakula, madereva wenzake waliobeba jeneza, na zaidi nesi mmoja wa kliniki, ambaye hatukuwahi kumuuliza jina, aliyepiga simu nyumbani mara tano kuulizia miadi, na mara zote tano tukamjibu kwamba Shemasi amepona.

Lala, Shemasi. Hakuna tena wa kukuuliza unaona vidole vingapi.