Mama Utepe, Msomaji Wetu wa Ijumaa

Jumamosi ya tarehe 29 Novemba, baada ya misa ya jioni inayofungua Majilio, msakristia wetu atakabidhi funguo za sakristia na kwenda kupumzika. Ametumika miaka thelathini na minne na miezi miwili. Katika muda huo amewaandalia misa maparoko wanane, na hajawahi kumaliza likizo hata moja, kwa sababu kila mara alirudi siku ya nne kuangalia kama vitambaa vya altare tumevitandika upande unaotakiwa.

Halmashauri ya walei imeniomba mimi, karani wa ofisi ya parokia, niandike wasifu huu, na imenisihi niwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini kila aliyefanya naye kazi anajua kwamba hapendi mtu kutia chumvi, na ukweli ni kwamba tunamuaga tukiwa tumechoka. Mwaka huu umetukamua. Yeye mwenyewe amechoka, na ukimuuliza atakujibu hivyo hivyo.

Alifika hapa akiwa na miaka thelathini na moja, wala hakuwa anatafuta kazi. Alikuwa fundi cherehani, akaitwa kurekebisha pindo la kitambaa cha altare. Wiki hiyo msakristia aliyekuwepo akaondoka kwenda kumuuguza baba yake, na paroko wa wakati ule akamwomba fundi ashike funguo kwa wiki mbili tu. Pindo lilimalizika siku ile ile. Wiki mbili bado zinaendelea.

Sakristia yetu ni chumba chembamba chenye dirisha moja, sinki dogo pembeni na kabati la droo kumi na moja. Alhamisi ni siku ya kupiga pasi, na ukipita uani unasikia harufu ya maji ya moto na kitambaa cha pamba. Droo ya tatu ilikuwa ya miwani, kwa kuwa paroko wa tatu alisahau yake kila alipoketi, hivyo msakristia akamwekea akiba ya jozi nne. Paroko wa tano alitaka madirisha ya kanisa yafungwe kwa sababu ya vumbi. Wa sita akataka yafunguliwe kwa sababu ya joto. Wa saba hakutaka lolote, na huyo ndiye aliyemtesa kuliko wote, maana alishindwa kujua amkasirikie kwa lipi.

Siku Askofu alipokuja kutoa Kipaimara, ikagundulika kwamba kofia yake ndefu imesahaulika nyumbani. Maandamano yalikuwa yameshajipanga uani. Msakristia alikata karatasi ngumu ya boksi la mishumaa, akaivisha kitambaa cheupe, akaishona mishono mikubwa mikubwa na kuileta na uso mkavu. Askofu aliivaa hadi mwisho bila kuinamisha kichwa hata mara moja. Wazee walisema hawajawahi kumwona amesimama wima namna ile.

Jina la Mama Utepe alipewa na wanakwaya. Kitabu chetu cha masomo kina tepe tatu, kwa kuwa masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu na kila mwaka una utepe wake. Kila Ijumaa alasiri alikuwa akiusogeza utepe wa mwaka husika hadi kwenye masomo ya Jumapili inayokuja, na baada ya hapo hakuna mwenye ruhusa ya kuugusa. Mwenyekiti wa kwaya aliwahi kuusogeza akitafuta zaburi. Alisemwa mpaka akaomba apelekwe kuungama. "Dhambi hiyo haimo kwenye orodha," Mama Utepe alimwambia, "lakini wewe nimekuongezea."

Sasa niseme la Ijumaa, kwa maana wengi wetu tutamkumbuka kwa hilo.

Lilianza na kipaza sauti kibovu. Fundi wa umeme alikitengeneza, akamwambia msakristia akijaribu kwa kusema moja, mbili, tatu. Yeye akaona ni upuuzi kuhesabu kanisani, akafungua kitabu na kusoma masomo ya Jumapili yote, la kwanza, zaburi, la pili na Injili. Ilikuwa saa kumi jioni. Muuguzi mmoja aliyetoka zamu alikuwa ameketi benchi la nyuma kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma. Alilala usingizi wa pono kabla ya zaburi. Ijumaa iliyofuata akarudi, akasema safari hii atajaribu kufika hadi somo la pili.

Wakaja wengine, pole pole, na wote walikuwa watu wenye sababu ya kuketi. Alikuja fundi viatu wa kona ya pili, akaja mwalimu wa shule ya msingi, wakaja kinamama wawili wanaofua nguo za hospitali. Hapakuwa na mahubiri. Mtu akiuliza maana, Mama Utepe alijibu, "Maana muulize padre Jumapili. Mimi nasoma." Alisoma kila somo mara mbili. Mara ya pili, alisema, ni kwa ajili ya yule ambaye mara ya kwanza alikuwa bado yuko kazini kwa mawazo.

Mimi sikuwa mtu wa Ijumaa. Ofisi yangu iko ukuta wa pili na nilikuwa nafunga dirisha. Halafu ukaja mwaka wa maradhi. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya sakramenti, na tangu Kwaresima hadi Pasaka ya mwaka ule niliandika majina arobaini na moja katika kitabu cha mazishi. La thelathini na nane lilikuwa la mke wangu. Niliandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, nikakausha wino, nikaenda nyumbani. Baada ya hapo nilikuja kazini na kurudi, basi. Misa nilikuwa nasimama nje, nikijifanya nasubiri mtu.

Watu walinipa pole hadi nikaanza kuwakimbia. Mama Utepe hakunipa. Ijumaa moja baada ya Pasaka alichungulia ofisini akasema, "Karani, sina uhakika kama spika ya mlangoni inasikika. Njoo ukae pale unisikilizie." Nikaenda shingo upande. Alisoma Injili ya wale wanafunzi wawili wanaoondoka mjini baada ya Yesu kuuawa, wakitembea, nyuso zimewashuka, wakimweleza mgeni wa njiani kwamba walikuwa na matumaini, na sasa ni siku ya tatu. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni. Sikuwahi kutambua kwamba watu wale wanazungumza juu ya matumaini kama kitu cha zamani, na kwamba yule mgeni hawakatizi. Anatembea nao tu. Nilimlilia mke wangu siku ile kwa mara ya kwanza, pale mlangoni, chini ya spika. Kisha nikaenda nyumbani nikala chakula nikakimaliza. Sitasema zaidi ya hapo, maana hapakuwa na zaidi ya hapo, lakini tangu siku hiyo dirisha langu sikulifunga tena Ijumaa.

Tulichokuwa hatukijui ni macho yake. Miaka miwili iliyopita daktari alimwambia kwamba ana presha ya macho na kwamba kilichopotea hakitarudi. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameuzunguka ule mzunguko wa miaka mitatu zaidi ya mara kumi, na masomo yalikuwa yamemkaa kichwani. Kwa hiyo alisimama kila Ijumaa mbele ya kitabu, akafungua kurasa pale zinapopaswa kufunguliwa, akatusomea bila kuona hata herufi moja. Utepe aliuweka kwa vidole, akihesabu karatasi. Sisi tulikaa mita tano kutoka kwake na hatukugundua lolote.

Mwezi wa nane vidole vilimwangusha. Alianza kuhesabu kutoka kwenye utepe wa mwaka mwingine. Jumapili hiyo mwalimu alipanda kusoma, akafungua penye utepe, na kwa kuwa ni mtu mtiifu, akasoma alichokikuta. Katikati ya mwaka tukajikuta tuko Majilio, tunasomewa masomo ya Desemba. Nabii alikuwa akiwaambia wenye mikono iliyolegea na magoti yanayotetemeka wajipe moyo, kwa maana jangwa litachanua, viziwi watasikia na vipofu wataona. Alhamisi tulikuwa tumemzika mwanakwaya wetu wa sauti ya nne, kijana mwenye watoto wawili. Mjane wake alikuwa benchi la pili, na nilimwona akiinua uso. Nje, watu waliambiana kwamba Mungu amejua la kutuambia. Waliotambua kosa walikuwa watatu tu, yaani paroko, mwalimu, na mwanamke aliyesimama kwenye mlango wa sakristia ameshika kitambaa cha kalisi.

Jumatatu alikuja ofisini akaketi bila kuulizwa. "Ukurasa ule sijauona tangu mwaka juzi," akasema. "Nimekuwa nikiwadanganya kila Ijumaa." Nilimwambia kwamba kosa lake limemfariji mjane kuliko hotuba zetu zote za msibani. Akasema huo ni wema wa Mungu na si wa kwake, na kwamba anataka nimwandikie barua ya kustaafu, kwa kuwa yeye hawezi kuiona karatasi.

Paroko na halmashauri walimbembeleza abaki walau kwa Ijumaa, asome kwa kichwa kama alivyokuwa akifanya. Akakataa. Alisema mwezi wa tisa alipindua mistari miwili ya zaburi na hakuna aliyeshtuka. "Leo nimepindua mistari. Kesho nitawasomea ya kwangu mkadhani ni ya Mungu." Halafu, tulipobaki wawili, akaniambia kinachomtisha. Giza halimtishi sana, ameshalizoea. Anaogopa kwamba atakaa nyumbani, na yale masomo yatamtoka moja moja, na hatakuwa na njia ya kujua kipi kimetoka. Alisema ameishi kwa maneno hayo tangu mume wake alipofariki na hana kingine cha kushika. Nilikuna kichwa nikajifanya natafuta muhuri.

Tukatafuta msomaji wa Ijumaa. Hapa hatukujipatia sifa. Muuguzi alisema anakuja kupumzika, hawezi kusimama tena. Mwalimu akasema sauti yake inaishia darasani. Mimi nikasema ofisi. Kila mmoja alisema kweli, na Ijumaa tatu za mwezi wa kumi kanisa lilikaa kimya saa kumi. Mama Utepe alikuja zote tatu. Aliketi benchi la mbele dakika arobaini, muda ule ule wa masomo, kisha akainuka na kupapasa njia hadi mlangoni. Nilimwona kupitia dirishani mara zote tatu, na naona aibu kuandika hivyo.

Ijumaa ya nne fundi viatu alipita mbele bila kumwambia mtu, bado ana gundi vidoleni. Alisoma taratibu sana, neno moja moja, huku kidole kikifuata mstari. Mahali pengine alirudi nyuma kuanza upya. Jina la mji mmoja lilimshinda akaliruka. Midomo ya Mama Utepe ilikuwa ikienda pamoja naye, na mara mbili ilisimama. Mara mbili hizo alikuwa amekwisha sahau, na fundi viatu akamrudishia. Alipomaliza, Mama Utepe alimwambia kwamba kwa mwendo ule amesikia neno ambalo yeye alilipita mbio miaka thelathini na minne. Fundi viatu alidhani anataniwa. Wiki iliyofuata tulikuwa tumegawana zamu.

Kuanzia Majilio Mama Utepe anahamia kwa binti yake, ng'ambo ya barabara kuu, nyumba iliyo nyuma ya gereji. Hawezi kuvuka peke yake. Kwa hiyo tumekubaliana, na paroko ametukabidhi kitabu cha masomo cha zamani chenye jalada lililobandikwa kwa gundi ya viatu. Tutasoma kanisani saa kumi kama kawaida, na saa kumi na moja msomaji wa zamu atavuka barabara. Zamu ya kwanza ni yangu. Nimeshajisomea nyumbani mara nne na bado naharakisha.

Mama, kwa niaba ya maparoko wote wanane, walio hai na waliotangulia, kwa niaba ya kwaya uliyoiongezea dhambi, na kwa niaba ya kila aliyelala benchi la nyuma ukamwacha alale, asante. Umetushika mkono tukiwa hoi. Tunakuombea siku ndefu, usingizi mzuri, na binti asiyechoka na maswali yako kuhusu vitambaa. Na yale masomo, Mama, yaache yatoke yanavyotaka. Likikutoka neno, nyamaza tu kidogo. Mmoja wetu atakuwa ameketi hapo na kitabu wazi magotini, naye atakusomea mara ya pili.