Goretti, Sauti ya Bibi Kunguru

Wasikilizaji wapendwa, mko wapi jioni hii? Kama uko hapa kambini Nakivale, sogea karibu na redio. Kama uko Mbarara, pale Kakoba au Nyamityobora, punguza moto wa maharage, uje ukae. Leo tunamkumbuka Goretti Nabintu. Ndiyo, Bibi Kunguru mwenyewe, yule mwizi wa vifaranga kwenye katuni ya watoto ya kila Jumamosi. Goretti ametutoka, kwa ugonjwa wa moyo.

Msilie kwanza. Mama huyu alikuwa wa kuchekesha.

Goretti alitoka Uvira, Kivu ya Kusini. Hapa Nakivale aliuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu. Siku moja alikuwa akigombana na mteja, kopo limejaa, kopo halijajaa, soko lote linasikia. Onesphore, mtengenezaji wa katuni kutoka Mbarara, alikuwa akipita kutafuta sauti. Akasimama. Anasimulia: "Nilimwambia, mama, nina kunguru hana sauti. Akaniuliza kama huyo kunguru anakula ndagala."

Basi muuza ndagala akawa Bibi Kunguru. Kwa miaka mingi alipanda gari kwenda studio Kakoba, akatisha, akaiba, akacheka kile kicheko chake cha kukwaruza. Kazi aliipenda.

Lakini Goretti hakujaliwa mtoto. Hamu yake kubwa ilikuwa watoto wamkimbilie, wamwite bibi. Sasa walimkimbia. Akifungua tu mdomo kuita wateja, mtoto wa watu amejificha kwenye kitenge cha mama yake, analia. Na akina mama nao, loo, wakazidisha: "Usipooga, ninaita Bibi Kunguru." Mume wake, mzee Déo, anakumbuka: "Alirudia nyumba analia. Akaniambia, Déo, batoto banakimbia mimi."

Akamwomba Onesphore amgeuze kunguru awe mwema. Onesphore akakataa. Kunguru mwema ataiba nini?

Goretti akafanya yake. Jumamosi moja, katuni ilipokwisha, alitoka nje akaita kwa sauti ile ile ya Bibi Kunguru: "Bifaranga byangu biko wapi?" Watoto wakatawanyika. Naye akawageuzia mgongo, akakimbia, akajiangusha makusudi katikati ya njia. "Mumenishinda, bajukuu bangu. Mumenishinda."

Kisha msichana mmoja mdogo, Élyse, akarudi na kijiti, akamgusa bega. Kunguru akapiga mayowe, akainuka mbio. Weee, siku hiyo mtaa mzima ulimfukuza. Tangu hapo kila Jumamosi walimfukuza, na kila Jumamosi walimwita bibi.

Tulimzika Ijumaa. Kesho yake, Jumamosi, watoto wakaja matangani bila kuitwa, wakasimama mlangoni. Élyse akawauliza wakubwa: "Sasa tutafukuza nani?"

Mzee Déo, na goti lake bovu, akainuka. Akavua koti, akalitandaza mikononi, akalia kama kunguru. Sauti mbaya kabisa, wasikilizaji, Goretti angemcheka hadi kesho. Akatoka anachechemea mbio, watoto nyuma yake, na sisi tuliokuwa matangani tukacheka huku tunalia.

Pole sana, mzee Déo. Poleni ndugu wa Goretti, mlioko Uvira na mlioko hapa kambini. Mungu amlaze pema.

Nawe unayenisikiliza, fikiri kidogo. Mtoto wako yuko nje saa hizi, na jua bado lipo. Zima redio. Nenda akufukuze.