Janice Waithira na Jeli Iliyomnyang'anya Kazi

Wasikilizaji wapendwa, acheni vyombo kidogo mnisikize. Leo tunamkumbuka Janice Waithira wa Landless, Thika. Janice, yule alikuwa anapaka watu kucha za jeli pale Ruiru. Ametuacha Jumanne. Nimonia ndio imemchukua. Nasema mapema juu mtaani washaanza: eti jeli ilimuua. Hapana. Jeli ilimnyang'anya kazi.

Janice alikuwa na mkono mwepesi. Jeli ikimwagikia ngozi ya kasitoma kabla ya kuingia kwa taa ya kuikausha, wengine wanatafuta kijiti. Yeye alipangusa na kidole gumba chake, bila glavu. Watu wakapenda hiyo haraka yake.

Halafu vidole vikaanza kumwasha. Vikapasuka. Kope zikafura. Akalaumu sabuni ya kufua, akabadilisha. Kaka yake, Githae, anakumbuka: "Nilimuuliza, we Waithira, umeoga na upupu? Akacheka. Lakini vifungo vya sweta nilimfungia mimi."

Daktari wa ngozi Thika akampima na vibandiko mgongoni. Ni aleji. Ndani ya jeli kuna kemikali inaitwa HEMA. Jeli ikiwa mbichi, ama haijakauka vizuri, na ikigusa ngozi kila mara, mwili unaweza kuikataa. Ukishaikataa, ni ya maisha. Narudia: jeli mbichi kwa ngozi, hapo ndio hatari iko.

Janice akavaa glavu, akanyamaza. Akisema, kasitoma watahama.

Siku moja akaja Ciku, bibi harusi. Kando ya kucha amevimba, anajikuna.

"Nifunikie na ile nyekundu, siste. Kesho ni harusi."

"Sikupaki."

"Ala! Nimetoka Murera yote nikuje kuringiwa?"

Janice akavua glavu. Akaweka mikono mezani, imechanika, inatoa maji.

"Woiye, Janice," Ciku akasema.

Ciku aliolewa na kucha tupu. Nao kasitoma walihama kweli. Janice akafunga kibanda chake.

"Nilimwambia, si ungempaka tu huyo mmoja," Githae anasema. "Akanijibu, 'Ningemshika mkono nikijua?'"

Githae, mama, na nyumba yote ya Landless, poleni sana. Mungu awashikilie.

Na wewe unaenda kupakwa wikendi, sikukatazi. Lakini akikushika mkono, na wewe shika wake. Angalia vidole. Muulize kama vinamuuma.