Siku Walipolala Wote Wawili

Sogeeni, sogeeni karibu. Wewe uliye mlangoni vuta kigoda, na huyo anayetafuna amalize kwanza, maana habari hii ni ya sauti ya chini, ukiitafunia haisikiki. Tulieni. Haya.

Palikuwa na benchi kwenye kona, mbele ya karakana ya magodoro. Benchi la mbao nene, ila mguu mmoja umelegea, basi anayekaa mwisho hujikaza kama amepanda punda, kwa sababu wenzake wakiinuka kwa pamoja yeye yuko chini. Kando yake lilikuwapo jiko la mkaa la Mama Birika, muuza kahawa. Mwenye karakana alikuwa mumewe, mtu mpana wa mabega, walimwita Nungunungu. Na ng'ambo ya barabara kilikuwapo kibanda cha kinyozi, na kinyozi mwenyewe alikuwa kaka yake Mama Birika, wa tumbo moja, walimwita Radi. Sasa tazameni mambo. Nungunungu alikuwa akikaa benchini kile kibanda kiko mgongoni kwake. Nywele alikwenda kunyolewa mtaa wa mbali, anarudi na kofia imeshuka hadi masikioni, anaficha mabaka. Na Mama Birika kila asubuhi huvuka barabara na kikombe cha kaka yake.

— Yupo? Radi huuliza.

— Yupo.

— Mzima?

— Mzima.

Basi. Mazungumzo ya mashemeji wawili yalikuwa yamebaki hayo, yanapitia kinywani mwa mwanamke mmoja, na mwanamke mwenyewe alikuwa amechoka kuwa daraja.

Siku hiyo mkokoteni ukasimama mbele ya benchi. Ulikuwa umebeba nguzo nne, kamba nene, turubai la bluu lililoviringishwa, koti kuukuu na kengele ya shaba.

— Hizo si nguzo za ulingo? akauliza Waziri. Waziri alikuwa mlinzi wa usiku, ila akisimulia mambo ya serikali utadhani amelala nayo chumba kimoja.

— Ndizo, akasema msukuma mkokoteni. Ghala la mbao limeuzwa. Wenyewe wamesema vikatupwe. Mama, nipe kahawa, mgongo umekatika.

Vikombe vikabaki hewani. Mama Birika akamtazama mumewe. Mumewe akatazama viatu vyake.

Nyie hamkuwako. Mieleka ya Ghalani ilianza na magunia yaliyotandazwa juu ya mbao, Jumamosi jioni, watazamaji ni maseremala na wake zao. Mwenye ghala ndiye aliyepanga nani ashinde. Kila mtu alijua kwamba imepangwa, na hakuna aliyejali, kama nyie mnavyojua kwamba fisi hasemi na bado mnakuja kumsikiliza. Radi alikuwa mwema. Anaingia na shuka jeupe, watoto wanasimama juu ya viti. Nungunungu alikuwa mbaya. Koti lake lilishonewa njiti za ufagio mgongoni, kazi ya mikono ya Mama Birika, na akiingia anatemea watu maji, anamtia Radi mchanga machoni. Alichukiwa, jamani! Jumapili asubuhi birika la mkewe linapoa, wateja wanampita wamenuna: mwambie mumeo amwache kaka yako! Naye akirudi jikoni kwake anawakuta wote wawili, mmoja anamkanda mwenzake mgongo kwa maji ya moto, wanacheka mpaka wanakohoa.

Ghala likajaa. Wakahamia ukumbini, kwenye viti vya kweli. Matangazo yakabandikwa hadi miji ya mbali, gari la kipaza sauti likazunguka. Ikafika Jumamosi ya mkanda wa bingwa, ambao Nungunungu alikuwa ameushika mwaka mzima kwa hila. Na mwenye ghala, kwa mara ya kwanza, akawaambia: leo sipangi, nyie ni watu wazima, malizeni mnavyoona.

Pambano likawaka. Kisha Radi akamgusa Nungunungu begani, kumgusa tu, Nungunungu akaanguka. Refa hajaanza hata kuhesabu, Radi naye akaanguka. Chali, wote wawili, wanatazama taa. Ukumbi kimya. Waliokaa mbele wakasikia mmoja ananong'ona: "Amka." Na mwenzake: "Amka wewe." "Amka wewe bwana, tafadhali."

Kicheko kikapasua ukumbi, na kicheko hicho ndicho kilichoiua Ghalani. Watu walikuwa wamevumilia mchanga wa uongo na damu ya nyanya, lakini utamchukiaje tena mtu uliyemsikia akibembeleza? Jumamosi zilizofuata, mpiganaji yeyote akianguka, ukumbi mzima unaitikia: "Amka wewe!" Haikupita miezi mingi, milango ikafungwa. Na mashemeji walitoka chumba cha kubadilishia nguo kila mmoja na njia yake, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amemfanyia dhihaka mbele za watu. Miaka mingi sasa.

— Mimi nilisema tangu zamani, akaanza Waziri. Ile ilikuwa dawa ya usingizi. Wenye mieleka ya mji wa pili waliona wivu, wakaitia kwenye maji ya kunywa.

— Dawa gani ya usingizi inaongea? akasema Dokta. Dokta alikuwa fundi redio, wagonjwa wake wote wanafunguliwa kwa bisibisi. Ule ulikuwa umeme, bwana, akaendelea. Turubai limelowa jasho, waya unapita chini, wote wawili wakanaswa.

— Na refa aliyesimama juu ya turubai hilo hilo?

— Refa alivaa raba.

— We Dokta, mimi nilikuwa kiti cha tatu. Refa alikuwa peku, kiatu kimoja ameshika mkononi!

— Basi mguu wenye kiatu ndio uliomwokoa.

— Ameshika mkononi, nimekwambia!

Waziri akanywa, akainama, akashusha sauti kama anatoa siri ya ikulu.

— Nikuambieni ukweli? Wale hawakuwa wao. Walikuwa watu wawili waliofanana nao. Wenyewe walifungiwa stoo.

— Na huyu tuliyekaa naye hapa miaka yote ni nani?

— Ndiyo hapo sasa! Mimi najiuliza kila siku.

Wote wakamgeukia Nungunungu.

— Sema basi, mzee. Wewe ulikuwapo.

— Mimi nilikuwa nimelala, akasema Nungunungu, akavuta kofia.

Wakacheka. Mama Birika hakucheka. Alipomwona mumewe akivuta kofia namna ile alijua kitakachofuata: atainuka, atarudi kwenye magodoro yake, na siku itakuwa imekwisha kama zile nyingine zote.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa fundi cherehani, mwanamke aliyehamia mtaani wiki ile ile. Alikuja na kikombe chake mwenyewe, na Mama Birika alikwisha kumwonya, jikaze hapo mwanangu. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani wakubwa zangu, akasema. Mtu akilala ulingoni, nani anashinda?

— Mwenzake, akajibu Dokta. Hata mtoto anajua.

— Na hawa walilala wote wawili.

— Eeh.

— Si kila mmoja alikuwa anampa mwenzake, basi? Kwani hawakuulizana?

Dokta akachungulia kikombe chake kama kuna redio ndani. Nungunungu akageuka polepole, si kwa yule fundi, kwa mkewe.

— Alitaka kunipa mimi?

Mama Birika alikuwa akichokoa mkaa.

— Alikuja mchana wa siku ile, akasema: shemeji hajapigiwa makofi hata siku moja, leo apigiwe. Jioni nakushonea njiti, nawe ukaniambia mkanda urudi kwa mwenyewe. Mkaniapisha wote wawili nisiseme.

— Baadaye ungesema.

— Nilianza kusema, mume wangu. Kwake, kwako. Yeye aliwasha mashine ya kunyolea nisisikike. Wewe ulivaa kofia ukatoka.

Nungunungu akavua kofia. Akainuka, akaiweka pale alipokuwa amekaa. Waziri na Dokta wakainuka naye waone anakokwenda, na yule fundi cherehani akaenda chini na kikombe chake.

Alivuka barabara. Mlango wa kinyozi ulikuwa wazi, wakaona yote, ila maneno hawakuyasikia, kama yalikuwapo. Waliona Nungunungu ameketi kwenye kiti. Waliona Radi amesimama na taulo mkononi, amesimama, amesimama. Kisha akaweka kiganja kisogoni kwa shemeji yake, vile vile alivyokuwa akimshika ulingoni kabla ya kumtupa, ili asiumie, akamlaza kichwa nyuma. Povu. Wembe. Mabaka yakaondoka moja moja. Na yule mtu mpana akapitiwa na usingizi na wembe uko shingoni.

Radi alipomaliza akafuta povu, akainama sikioni kwake, akapaza sauti. Hapo benchi zima lilisikia.

— Amka.

Na kutoka kwenye kiti:

— Amka wewe.

Mama Birika alicheka mpaka akaketi chini kando ya jiko, machozi yanamtoka. Msukuma mkokoteni akaomba kikombe cha pili, akapindua birika, halikuwa na kitu.

Basi vile vitu havikutupwa. Turubai la bluu lilichukuliwa na karakana, juu yake ndipo huanikwa pamba ya magodoro. Kamba alipata Dokta, akaning'inizia redio zake. Lile koti alipewa fundi cherehani, akazifumua njiti, zikawa ufagio. Kengele ni ya Mama Birika, huigonga kahawa ikiiva, na kinyozi husikia akavuka mwenyewe. Waziri alitaka nguzo, akapewa moja, hadi leo hajui aifanyie nini. Na mkanda wa bingwa? Mama Birika alikuwa ametoka nao ukumbini siku ile ndani ya kikapu, ukalala chini ya gunia la mkaa. Akaupangusa, akawaletea. Chukua wewe, akasema mmoja. Chukua wewe, akasema mwenzake. Wewe. Wewe. Mpaka Mama Birika akawapokonya, akapiga magoti, akaufunga kwenye mguu wa benchi, akakaza.

Umekaza mpaka leo. Ukiinuka ghafla, mwenzako haanguki.